Tambi za Pilipili: Kolezo Linaanzia Bakulini

Pwani yetu imezoea tambi za sukari. Hukaangwa kidogo kwa samli mpaka zibadilike rangi, zikatiwa tui, iliki na zabibu, na mwezi wa Ramadhani haupiti bila sahani yake. Bara nako zile ndefu, ambazo wengi huziita spageti, huishia kwenye mchuzi wa nyama ya kusaga na nyanya. Pilipili tunayo na tunaipenda: ya embe, ya mbilimbi, ya kukaanga kwa chipsi, na pilipili kichaa inayotafunwa mbichi kando ya ugali. Ila tambi na pilipili ni nadra kukutana kwenye chombo kimoja majumbani mwetu. Anayetamani chakula hicho hununua pakiti ya kiwandani na kujimiminia unga wake. Naona hiyo ni hasara, maana bakuli la tambi kali ni kati ya mapishi mepesi kuliko yote, na karibu kila linachohitaji kinauzwa Kariakoo, Kongowea au Darajani.

Mji wa kujifunzia kazi hii ni Chongqing, kusini magharibi mwa China, pale Mto Jialing unapoingia Yangtze. Hadi mwaka 1997 mji huo ulikuwa sehemu ya Jimbo la Sichuan, kisha ukawekwa moja kwa moja chini ya serikali kuu ya Beijing. Wakazi wake hula tambi za pilipili asubuhi kabla ya kwenda kazini. Wanakaa kando ya barabara kwenye vigoda vya plastiki: kigoda kirefu kinakuwa meza, kifupi kinakuwa kiti. Chakula chenyewe kinaitwa xiaomian, na bakuli lake la kawaida halina nyama. Ni tambi za ngano, mboga za majani, na mchuzi mwekundu uliojaa harufu ya vitunguu saumu na karanga.

Ukimtazama mpishi wa tambi hizo utaona jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha makala haya. Sufuria kubwa iliyo jikoni ina maji tu. Hakuna mchuzi wenye viungo unaotokota tangu alfajiri. Viungo vyote vimepangwa mbele yake katika vibakuli, na kijiko chake kinapita kimoja baada ya kingine, akitia hiki na kile kwenye bakuli tupu la mteja. Kisha anamimina upawa wa supu ya mifupa au maji ya moto, anakoroga, na tambi zinaingia mwisho. Anayetaka kali anasema, na asiyetaka naye anasema.

Wazanzibari hawana haja ya kufundishwa mpango huu. Muuza urojo hupanga bakulini viazi, bajia, kachori na mishikaki, akamimina ule uji mwepesi wa manjano wenye uchachu, kisha akauliza: pilipili kiasi gani? Chatini ya nazi na ya pilipili zinakuja juu, kwa kipimo cha mlaji. Mpishi wa Chongqing anafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba yeye anaanza na pilipili na kumaliza na tambi.

Nyumbani faida yake ni kubwa. Sufuria moja ya mchuzi mkali inawafunga watu wote kwenye ukali mmoja: mtoto wa miaka minne, kijana anayeshindana na wenzake, na bibi mwenye vidonda vya tumbo. Kolezo likianzia bakulini, mtoto anapata karanga na chumvi kidogo, bibi anapata supu nyeupe yenye tangawizi, kijana anapata vijiko vitatu vya moto, na wote wamekula tambi za sufuria moja kwa wakati mmoja.

Cha kushangaza ni kwamba kwa sehemu kubwa ya historia yao Wachina walikula tambi bila pilipili hata chembe. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha habari za bakuli lililofukuliwa Lajia, mkoani Qinghai, likiwa na tambi zenye umri wa miaka ipatayo 4,000. Pilipili, kwa upande wake, ni zao la bara la Amerika, na haikuvuka bahari mpaka baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kati ya maandishi ya mwanzo kabisa ya Kichina kuitaja ni kitabu cha Gao Lian cha mwaka 1591, na humo inasifiwa kwa wekundu wake unaopendeza bustanini. Nasi tuliipata kwa njia hiyohiyo ya majini, baada ya Wareno kufungua safari zao za Bahari ya Hindi. Kwa hiyo jikoni mwetu na jikoni mwao pilipili ni mgeni wa zama zilezile.

Kinachounguza ndani ya pilipili ni kapsaisini, ambayo haiyeyuki vizuri katika maji lakini katika mafuta inayeyuka bila shida. Hii ndiyo sababu pilipili iliyotupwa kwenye maji yanayochemka inakupa mchomo wa hapa na pale, kijiko kimoja shwari na kingine kikali, ilhali iliyofunguliwa kwa mafuta inaenea bakuli zima. Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius na wenzake huko California walikitambua kipokezi cha mwilini kinachoshikwa na kapsaisini, TRPV1, na kipokezi hichohicho huamshwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi. Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Jikoni ugunduzi huo una maana ya wazi: supu ya pilipili ikiwa ya moto sana inauma mara mbili, kwa joto na kwa pilipili. Ionje ikiwa imepoa kidogo ndipo uamue kama inahitaji kuongezwa. Na ukiungua, maji hayatakusaidia sana. Kunywa maziwa au kula mtindi.

Basi tuanze na chupa ya mafuta ya pilipili, kwa kuwa hiyo ikiwepo kabatini kazi iliyobaki ni ya muda wa maji kuchemka.

Chukua pilipili kavu gramu 50 hivi. Usichukue aina moja tu. Pilipili kichaa kavu inaleta ukali, lakini haina rangi nyingi wala utamu. Ongeza zile ndefu nyekundu za Kashmir zinazouzwa kwenye maduka ya viungo ya Wahindi, kwani hizo ndizo zinazoyapaka mafuta wekundu. Kwa familia ya kawaida sehemu tatu za Kashmir kwa moja ya kichaa zinatosha. Zikaushe kwenye kikaango bila mafuta, moto mdogo, ukizigeuza mfululizo mpaka zikatike kwa vidole. Fungua madirisha na uwatoe watoto jikoni, maana moshi wake unakaba koo. Zikipoa, zitwange kwenye kinu ziwe vipande vidogo vyenye mbegu. Usizisage ziwe vumbi. Vumbi linaungua kabla halijatoa harufu. Ukimaliza, mikono ipake mafuta ya kula kwanza, kisha uioshe kwa sabuni, na usijiguse macho.

Weka pilipili hiyo kwenye bakuli la chuma au la udongo linalostahimili joto, pamoja na kijiko kikubwa cha ufuta na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Jikoni bandika kikombe kimoja cha mafuta ya alizeti au ya karanga, utie kitunguu maji kilichokatwa, vipande vya tangawizi, kijiti cha mdalasini na karafuu mbili. Moto uwe wa chini. Mafuta yachukue harufu polepole mpaka kitunguu kiwe cha kahawia, kisha toa kila kitu kwa chujio.

Hapa ndipo kazi inapotaka macho na pua. Ongeza moto kidogo, kisha dondosha chembe chache za pilipili kwenye mafuta. Zikizama kimya, bado. Zikigeuka nyeusi papo hapo, yamepita kiasi, epua usubiri. Zikichemka kwa povu dogo, zikawa nyekundu ya kung'aa na kutoa harufu ya kitu kilichobanikwa, wakati umefika. Mimina theluthi moja ya mafuta juu ya pilipili na ukoroge. Subiri dakika moja au mbili, mimina theluthi ya pili, kisha ya mwisho yakiwa yamepoa zaidi. Wapishi wa Sichuan humimina kwa awamu tatu hivi kwa sababu kila joto lina kazi yake: mmimino wa kwanza unatoa harufu, wa pili unatoa rangi, wa tatu unavuta ukali bila kuunguza kitu. Acha bakuli usiku kucha. Kesho yake mafuta yatakuwa na wekundu wa rubi, na mashapo ya chini ndiyo yenye utamu zaidi, kwa hiyo kijiko kizame mpaka chini kila unapochota.

Tahadhari moja naiandika kwa msisitizo. Vitunguu saumu vibichi visihifadhiwe ndani ya mafuta kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria aitwaye Clostridium botulinum anaweza kukua humo na kutoa sumu ya hatari isiyojulikana kwa harufu wala ladha. Saumu tutaitumia siku ya kula, na chupa yenyewe ikae kwenye friji.

Sasa tambi. Zile za Chongqing zina ubishi fulani mdomoni, zinavutika kabla ya kukatika, na rangi yake inaelekea manjano. Mara nyingi si yai linalofanya hivyo, ni magadi: unga wa ngano unapokutana na maji yenye ualkali, protini yake inakazana. Sisi tumeyajua magadi kwa kulainisha maharage na makande, na huenda wengi hawakufikiria kwamba kwenye unga wa ngano yanafanya kinyume chake. Kwa spageti nyembamba za dukani, tia magadi soda vijiko viwili vya chai kwa kila lita ya maji yaliyokwisha kuchemka. Tia kidogokidogo, maana maji yanafura, na tumia sufuria kubwa ili povu lisimwagikie jiko. Chemsha tambi mpaka zilainike huku zikibaki na kiini cha ugumu, zichuje, zisuuze haraka kwa maji ya moto. Utashangaa zilivyobadilika. Maji hayo ya magadi usiyaweke kwenye bakuli, yana ladha ya sabuni. Mboga pia zichemshe kwenye sufuria yake. Matembele yanafaa sana hapa, na mchicha vilevile, dakika moja tu kwenye maji yanayochemka.

Tambi zikiwa jikoni, andaa bakuli. Twanga punje tatu za saumu na kipande cha tangawizi, uvitie kwenye vijiko vinne vikubwa vya maji ya moto. Maji hayo yanatosha mabakuli mawili na yanasambaza saumu kuliko vipande vikavu. Katika kila bakuli weka kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya, kijiko cha chai cha siki, nusu kijiko cha chai cha sukari, kijiko kikubwa cha ufuta uliosagwa au siagi ya karanga, vijiko viwili vikubwa vya maji ya saumu, na mafuta ya pilipili kwa kadiri ya mlaji. Mimina nusu upawa wa supu ya mifupa iliyo moto. Koroga mpaka karanga iyeyuke. Tambi ziingie zikiwa bado zinatoa mvuke, mboga juu, karanga zilizokaangwa na kupondwa, majani ya vitunguu. Mlaji ageuze mwenyewe kutoka chini kwenda juu kabla ya tonge la kwanza, na ale upesi, kwa kuwa tambi zinaendelea kunywa mchuzi.

Ukitaka supu badala ya tambi zenye mchuzi mzito, punguza ufuta, ongeza siki iwe kijiko kikubwa kamili, na ujaze bakuli kwa supu. Ukitaka nyama, kaanga nyama ya kusaga kwa tangawizi na sosi ya soya mpaka ikauke na kuwa chembechembe, uinyunyize juu. Kijiko kimoja kinatosha. Nyama hapa ni kiungo.

Kuna kitu kimoja cha Sichuan ambacho sokoni kwetu ni vigumu kukipata: huajiao, vitumba vidogo vyekundu vinavyofanya midomo isisimke na kufa ganzi. Mwaka 2013 watafiti wa London walipima msisimko huo na kukuta watu wanauhisi kama mtetemo wa mara 50 hivi kwa sekunde. Huajiao haina undugu na pilipili wala pilipili manga; inatoka kwenye ukoo wa machungwa na ndimu, jenasi ya Zanthoxylum. Wenyeji wa nyika za pwani wanamjua ndugu yake wa karibu, mjafari, mti wenye miiba minene kwenye gome, ambao watu wamejitibu nao tangu zamani. Nautaja kwa sababu undugu huo unapendeza kuujua. Simshauri mtu kuutia kwenye chakula mahali pa huajiao, maana kipimo cha dawa si kipimo cha kiungo. Usipoipata huajiao, chembe za pilipili manga na maganda ya ndimu yaliyokunwa yatalipa bakuli harufu yake, na halitakuwa na upungufu wa kulalamikia.

Niwakumbuke pia wanaoishi geto na jiko la gesi la plati moja. Tambi za pakiti zenyewe hazina kosa. Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan aliyeishi Japani, aliziingiza sokoni Agosti 1958 baada ya majaribio kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba yake mjini Ikeda. Alichovumbua ni kuzikaanga tambi zilizopikwa: mafuta ya moto yanafukuza maji na kuacha vitundu, na vitundu hivyo ndivyo vinavyonywa maji ya moto kwa dakika tatu. Tatizo liko kwenye kile kipakiti cha unga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Soma nyuma ya pakiti: kiasi cha sodiamu kikiwa miligramu 1,000, hiyo ni gramu 2.5 za chumvi, nusu ya kiwango cha siku nzima kwa mlo mmoja. Tumia theluthi ya unga huo au uuache kabisa, uchukue tambi peke yake, na bakuli ulikoleze kwa mafuta yako ya pilipili, siki, karanga na yai la kuchemsha. Gharama inaongezeka kidogo sana, na ladha haifanani hata kidogo.

Mpaka hapa mafuta yamebeba kila kitu. Lakini ipo supu nyingine ya tambi ambayo haina tone la mafuta ya kukaangia, na naamini ikifika pwani yetu haitaondoka. Ni asam laksa ya kisiwa cha Penang, Malaysia. Samaki wake wa kawaida ni kembung, ambao kwetu ni vibua, walewale wanaouzwa kwa mafungu Feri na Malindi. Uchachu wake unatoka kwenye ukwaju. Harufu yake inatoka kwenye mchaichai. Na chumvi yake nzito inatoka kwa kamba wadogo mno waliochachushwa, ambao jamaa zao sisi tunawaanika juani na kuwaita uduvi. Bahari ni moja, na vyakula vyake vinajuana.

Chemsha vibua sita kwenye lita moja na nusu ya maji, pamoja na mabua matatu ya mchaichai yaliyopondwa. Wakiiva, watoe, uwanyofoe nyama kwa vidole bila kuacha mwiba, kisha rudisha vichwa na mifupa kwenye maji kwa dakika 20 na uchuje. Loweka pilipili kavu kumi kwenye maji ya moto, uzitwange pamoja na vitunguu vyekundu vinne vidogo, kipande cha manjano mbichi, na vijiko viwili vya uduvi uliokaushwa kwenye kikaango mpaka unukie. Tia mchanganyiko huo moja kwa moja kwenye mchuzi wa samaki bila kuukaanga, ufuatishe ukwaju uliokamuliwa, chumvi na kijiko cha sukari. Uache uchemke taratibu kama nusu saa. Kwa kuwa hakuna mafuta ya kuutuliza, ukali wake ni wa wazi, unakuja mara moja na kuondoka mara moja, na ukwaju unaukaribisha tena. Rudisha nyama ya samaki mwishoni.

Hapa magadi hayahitajiki, kwa sababu tambi zake ni za mchele. Zichemshe kando, zigawe bakulini, umimine mchuzi, kisha juu weka tango na kitunguu kibichi vilivyokatwa nyembamba, nanasi la vipande vidogo na majani mengi ya nanaa. Nanasi lisirukwe, linaukata ukali wa pilipili na harufu ya samaki kwa pamoja. Mchuzi ukibaki, ulaze kwenye friji, kesho yake huwa umekolea zaidi. Tambi tu zisilale humo. Chemsha mpya siku ya kula.